Mpelelezi akishinda kesi, nani hubaki akilia?

Msomaji mpenzi, hebu tufanye mtihani mdogo Jumapili hii. Chukua mchezo wowote wa polisi na wauaji ambao familia yako iliutazama kwenye televisheni juma lililopita. Jina la mpelelezi mkuu bila shaka walikumbuka. Hata gari lake walikumbuka, na koti lake, na maneno ayapendayo kuyasema anapomtia mtu pingu. Sasa niambie: yule marehemu aliyeokotwa katika dakika ya kwanza aliitwa nani? Mamake alikuwa nani? Na muuaji alipokwisha kukamatwa, mama huyo alirudi katika nyumba ya namna gani?

Ikiwa umeshindwa kujibu, usijilaumu. Michezo mingi ya aina hii imetungwa ili mtazamaji asipate nafasi ya kujiuliza mambo hayo. Pana maiti, pana mshukiwa wa kwanza ambaye siye, pana mshukiwa wa pili ambaye ndiye, kisha pingu, kisha matangazo ya sabuni. Kwa muda wa saa moja mtu ameuawa, amechunguzwa na amesahauliwa, nasi twainuka kwenda kupakua chakula.

Mimi sina ugomvi na michezo hiyo. Yaburudisha, na yawafundisha vijana wetu kufikiri hatua kwa hatua: nani alikuwa wapi, saa ngapi, na kwa nini anadanganya. Lakini nataka leo tuwatazame watu ambao kamera huwapita haraka: mjane, jirani, mchuuzi, mke wa polisi, afisa wa cheo cha chini. Naamini kwamba hao ndio wapimao ubora wa mchezo wa upelelezi. Mpelelezi akifunga faili yake kesi imekwisha. Kwa wao haijaisha, na mtungaji asiyelijua hilo hajui kifo ni nini.

Bapa na duara

Wanafunzi wa sekondari wanaosoma ukurasa huu wataelewa upesi, kwani darasani hufundishwa habari za mhusika bapa na mhusika duara. Mgawanyo huo ulienezwa na mwandishi Mwingereza E.M. Forster katika kitabu chake Aspects of the Novel cha mwaka 1927. Mhusika bapa ana upande mmoja tu. Ukishamjua katika ukurasa wa kwanza umemjua hadi wa mwisho. Mhusika duara ana pande nyingi, na aweza kukushangaza nawe ukaamini kwamba kweli mtu kama yule angefanya vile.

Katika michezo ya upelelezi ya zamani, karibu kila mtu alikuwa bapa. Marekani walikuwa na Dragnet, mchezo ulioanza redioni mwaka 1949 na kuingia kwenye televisheni mwaka 1951. Sajini Joe Friday, aliyeigizwa na Jack Webb, aliuliza maswali kwa sauti kavu, akapata majibu makavu, akamkamata mhalifu. Mwaka 1990 ukaja Law & Order, ambao nusu yake ni polisi na nusu yake ni mahakama. Huo ni mchezo wa maana sana, lakini milango ya nyumbani kwa maafisa wake hufunguliwa kwa nadra. Kazi ndiyo hadithi.

Hapa kwetu tulikuwa na bahati ya kujifunza somo hili kwa njia ya kicheko. Fikiria Vioja Mahakamani ya KBC. Hakimu yupo na kiongozi wa mashtaka yupo, lakini ni nani miongoni mwetu aliyekaa mbele ya televisheni kumngojea hakimu? Tulikuwa tukimngojea Makokha na Ondiek Nyuka Kwota waingie kizimbani na visingizio vyao. Sheria ilitoa hukumu, nao wahusika wa pembeni wakatupa sababu ya kutazama. Ikiwa ni hivyo katika vichekesho, je, katika mchezo wa huzuni?

Jina kwa wino mwekundu

Kwa mfano wa huzuni, nauchagua mfululizo mmoja wa Kimarekani, nao ni Homicide: Life on the Street. Ulianza kuonyeshwa na kituo cha NBC tarehe 31 Januari 1993 na ukamalizika mwaka 1999, kisha ikafuata filamu moja ya kuufunga mwaka 2000. Chanzo chake ni kitabu cha David Simon, mwandishi wa habari wa gazeti la Baltimore Sun, aliyekaa mwaka mzima na kikosi cha kuchunguza mauaji cha jiji la Baltimore. Kitabu kilitoka mwaka 1991, na mchezo wenyewe ulipigwa picha katika jiji hilo hilo. Mwaka 2024 uliwekwa kwenye mtandao nchini Marekani, kizazi kipya kikaanza kuutazama.

Ndani ya ofisi ya kikosi hicho pana ubao mkubwa. Juu yameandikwa majina ya wapelelezi, na chini ya kila mpelelezi majina ya waliouawa. Kesi ambayo haijatatuliwa, jina la marehemu huandikwa kwa wino mwekundu. Ikitatuliwa, huandikwa upya kwa wino mweusi. Mkuu wa kikosi, Luteni Al Giardello, ambaye mwigizaji wake Yaphet Kotto alifariki mwaka 2021, huutazama ubao huo kama mwenye duka anavyotazama daftari la madeni.

Fikiria ubao huo vizuri, msomaji. Kwa mkubwa wa polisi, mwekundu kuwa mweusi ni ushindi. Lakini je, mama wa marehemu akiingia ofisini na kuliona jina la mwanawe pale juu, rangi ya wino itampa nini?

Katika siku za mwanzo za mchezo, mpelelezi mgeni katika kikosi, Tim Bayliss, anapewa kesi yake ya kwanza. Msichana wa miaka kumi na mmoja, Adena Watson, ameuawa. Mchezo wa kawaida ungempata muuaji kabla ya saa kwisha. Katika mchezo huu hapatikani. Wiki zapita, miaka yapita, jina la Adena labaki jekundu. Watungaji hawakulitoa jambo hilo hewani, kwa maana katika kitabu cha Simon pia mna kesi ya mtoto wa kike ambayo polisi hawakuitatua.

Mchuuzi mmoja chumbani

Sasa tazama kile kinachoweza kufanywa na mhusika mdogo. Kipindi kiitwacho "Three Men and Adena" cha mwaka 1993 karibu chote kimo ndani ya chumba cha mahojiano, ambacho wapelelezi hukiita Sanduku. Wamo watu watatu tu. Bayliss yumo. Mwenzake Frank Pembleton yumo, huyo aliyeigizwa na Andre Braugher. Wa tatu ni mshukiwa, Risley Tucker, mzee anayechuuza matunda na mboga mitaani kwa mkokoteni unaokokotwa na farasi. Kazi hiyo ipo kweli Baltimore. Wachuuzi wa namna hiyo wameuza mitaani mle kwa vizazi vingi. Polisi wana saa kumi na mbili za kumhoji. Zikiisha bila yeye kukiri, itawabidi wamwache aende zake.

Mtungaji mvivu angemfanya Tucker kuwa fisi au kondoo. Tom Fontana, aliyekiandika kipindi hicho na kupewa tuzo ya Emmy kwa kazi hiyo, alimfanya kuwa mtu. Mzee anachoka. Mzee anakasirika. Anawatazama wale vijana wawili wenye mamlaka, naye anaanza kuwasoma wao kama wanavyomsoma yeye. Anamwambia Pembleton kwamba yeye ni mweusi anayewadharau weusi wenzake. Anaona giza lililomo ndani ya Bayliss. Mwishowe anavunjika na kukiri jambo la aibu, kwamba alimpenda yule mtoto kwa namna ambayo mzee hapaswi kumpenda mtoto. Lakini kwamba alimuua, hakukiri.

Saa zinakwisha. Bayliss, aliyeingia chumbani akiwa na hakika kwamba mzee ndiye muuaji, sasa hana hakika. Pembleton, aliyeingia na shaka, sasa ana hakika. Nasi watazamaji tumeachwa katikati, tukimchukia mzee, tukimwonea huruma, na tukijua kwamba mtoto yule hajapata haki yake. Mwigizaji wa Tucker, Moses Gunn, alifariki mwezi Desemba mwaka huo huo. Alionekana kama mshukiwa kwa kipindi kimoja, na bado watu wanamzungumzia.

Na kidonda hakikuishia kwa mzee. Mwaka 1997, mfululizo ukiwa umeendelea sana, ndipo tulipojulishwa kwamba Bayliss mwenyewe alitendewa uovu na jamaa yake alipokuwa mtoto. Mtazamaji aliyekuwa akifuata tangu mwanzo alielewa ghafla kwa nini kesi ya Adena ilimla mpelelezi huyo miaka yote ile. Mtoto aliyekufa, ambaye hakusema hata neno moja, ndiye aliyemfunua mpelelezi.

Mfiwa aliyesikia mzaha

Mfano mwingine ni kipindi cha "Bop Gun" cha Januari 1994. Mtalii amekuja Baltimore na mkewe na watoto wawili. Wanaibiwa barabarani, na mke anapigwa risasi mbele ya watoto wake. Mume huyo aliigizwa na Robin Williams, ambaye wakati huo dunia ilimjua kwa kuchekesha. Humo hachekeshi hata kidogo.

Akiwa kituoni, mjane huyo wa kiume anawasikia wapelelezi wakizungumza. Mmoja wao, Felton, anafanya mzaha kuhusu ovataimu atakayolipwa kwa sababu kesi hiyo ni kubwa na magazeti yanaifuata. Mfiwa amesimama pale pale. Anakwenda kwa Luteni Giardello kudai afisa yule aondolewe. Luteni hamwondoi. Kwa polisi ile ni kazi, na wakilia kwa kila maiti hawataifanya.

Kabla ya hapo, msomaji, sisi watazamaji tulikuwa tumeizoea mizaha ya wapelelezi na kuicheka. Mhusika mmoja wa pembeni, aliyekuja kwa kipindi kimoja na kuondoka, alitugeuza tukajitazama. Tulikuwa tukicheka juu ya maiti ya nani? Na papo hapo hatuwezi kumchukia Felton kabisa, kwa sababu tunajua alilosema mkubwa wake lina ukweli. Mchezo hautuambii nani yuko sawa. Unatuachia uzito tuubebe.

Hata polisi hufiwa

Msidhani kwamba wahusika wadogo ni raia peke yao. Steve Crosetti, aliyeigizwa na Jon Polito, alikuwa mpelelezi mnene, mwenye maneno mengi, aliyependa kubishana juu ya mauaji ya Rais Abraham Lincoln ya mwaka 1865. Ungemwona, ungesema amewekwa pale kutuchekesha. Mwaka 1994 Crosetti anakwenda likizoni na harudi siku ya kurudi. Kisha mwili unaopolewa majini bandarini.

Ni yeye. Tena alijiua mwenyewe. Rafiki yake Meldrick Lewis, mwenzake wa kila siku garini, anakataa kuamini. Anawavuruga wenzake wanaochunguza, akitaka ionekane kwamba aliuawa, kwa sababu kuuawa angalau kuna adui wa kumkamata. Ushahidi unapofika mwisho, Lewis anaanguka kilio. Wakubwa wa polisi wanakataa kumpa marehemu gwaride la heshima kwa kuwa alijiua. Siku ya mazishi, msafara unapopita, Pembleton, mtu mwenye majivuno asiyependa kuonyesha moyo wake, amesimama peke yake akiwa amevaa sare kamili na glavu nyeupe, akipiga saluti. Hakuna hotuba. Mtu mmoja amekuwa gwaride zima.

Pembleton mwenyewe alipata zamu yake. Mwaka 1996 alipigwa na kiharusi akiwa kazini, ndani ya chumba kile kile cha mahojiano. Mtu ambaye silaha yake ilikuwa ulimi akaanza kuyatafuta maneno kama mtoto. Hapo ndipo mkewe, Mary, alipotoka pembeni. Aliigizwa na Ami Brabson, ambaye alikuwa mke wa kweli wa Braugher. Tuliona dawa mezani, hasira zisizo na sababu, na ndoa iliyofikia hatua ya kutengana. Ushujaa wa kituoni ulikuwa na gharama, na Mary ndiye aliyekuwa akiilipa tangu zamani bila kamera kumwona. Braugher alipewa tuzo ya Emmy mwaka 1998, akafariki Desemba 2023.

Kwa nini jambo hili latuhusu

Huenda msomaji mmoja anasema: bwana, hiyo ni Baltimore, nasi tuko Nairobi, Mombasa, Nakuru au Kisumu. Ni kweli. Lakini wengi wetu mijini tumewahi kusimama nje ya chumba cha maiti tukingoja jina liitwe. Wengi tumewahi kukaa kwenye benchi la kituo cha polisi tukimtafuta ndugu ambaye hakurudi nyumbani. Siku hiyo hakuna anayekuwa mpelelezi mkuu. Siku hiyo sote ni wahusika wadogo, na jambo tunaloliomba ni kwamba yule aliye upande wa pili wa meza atutazame usoni na aulize jina la mtu wetu.

Sasa mtoto aliyeona vifo mia moja kwenye televisheni, na katika vyote mia hakumwona mfiwa hata mmoja akikaa kimya kwa dakika nzima, atajifunza wapi kukaa na jirani aliyefiwa? Atakwenda matangani akiwa na swali moja tu kinywani: nani alimuua? Desturi zetu zatufundisha kwanza kumpa mfiwa pole, kukaa naye, kumpikia na kumlindia nyumba. Habari za muuaji zina wakati wake.

Simaanishi kwamba watoto wadogo waonyeshwe Homicide. La hasha! Mambo mengi yaliyomo ni ya watu wazima, na mzazi ndiye ajuaye mwanawe anaweza kubeba nini. Nasema kwamba mchezo wowote wa upelelezi utakaotazamwa sebuleni kwako, usiuache umalizike pamoja na pingu. Matangazo yakiingia, waulize vijana maswali matatu.

La kwanza: marehemu aliitwa nani, na alipenda nini alipokuwa hai? Ikiwa mchezo haukusema, watoto watambue kwamba haukusema. La pili: ni nani katika hadithi hii ambaye maisha yake hayatarudi kama jana, hata muuaji akifungwa? La tatu: yule mhusika aliyetokea kwa dakika mbili tu, askari wa lango au mama muuza mboga, alijua nini ambacho mpelelezi hakukijua? Utashangaa jinsi mazungumzo yatakavyoendelea hadi chai ipoe.

Kwa wanafunzi watungao michezo ya kuigiza kwa ajili ya mashindano ya shule, nina neno moja zaidi. Mkitunga kisa cha jinai, msimalize nguvu zenu zote kwa mpelelezi mwerevu. Mpeni kila mhusika mdogo kitu kimoja anachokitaka ambacho hakihusiani na kesi. Bawabu anataka zamu iishe awahi matatu ya mwisho. Dada wa marehemu anataka kujua nani atalipa karo ya watoto walioachwa. Karani wa kituo ana jino linalomuuma. Akiwa na haja yake mwenyewe, hata akisema sentensi mbili jukwaani, watazamaji watajua kwamba alikuwa na maisha kabla ya pazia kufunguliwa na atakuwa nayo likifungwa. Kilio kikija baadaye, hakitahitaji muziki wa kukisukuma.

Nanyi wazazi, jioni ya leo, kama kutakuwa na mchezo wa polisi baada ya taarifa ya habari, jaribuni swali lile la kwanza. Jina la marehemu, basi. Muone ni nani nyumbani atakayelikumbuka.

Hadi Jumapili ijayo, kwaherini.